Mchana wa Banda la Video

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu filamu fupi ya mapenzi, nikajikuta nimerudi Garsen, katika banda la video lililonuka dizeli na viazi karai.

Nilikuwa bado mtoto, na shangazi Mwanajuma ndiye aliyenipeleka. Kando yake alikaa Guyo, kijana wa Kiorma aliyekuwa akilisha ng'ombe karibu na shamba letu la Minjila. Nilidhani wamekutana kwa bahati tu. Jenereta ilinguruma nje, na macho yangu hayakubanduka kwenye skrini.

"Baba amekataa kabisa niolewe na mfugaji," shangazi alinong'ona. "Ijumaa wananioza Hola."

"Mzee wangu naye hataki," Guyo alijibu. "Sasa mimi nitafanya nini, Mwanajuma?"

Guyo akainuka, akatoka bila kuaga.

Shangazi akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtetemeka. Nikadhani anawalilia wale wapenzi wa kwenye filamu. Nikamshika mkono, nikamwonyesha bibi harusi aliyekuwa akicheka.

"Usilie, shangazi. Tazama, wameshaoana."

Ndipo alipolia kwa sauti.