Mlango Aliofungiwa Lolo Isyong

Kila mtu aliposimama kumsifu Lolo Isyong kwenye matanga, Delfa aliinamisha kichwa. Walidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo kweli, lakini kilichomwinamisha ni kwamba watu walikuwa wakisimulia uongo, na uongo huo ulikuwa umetoka kinywani mwake.

Lolo ni babu. Wajukuu wake wa damu walikuwa watatu tu, lakini mji mzima wa Talisawan, kule kisiwani Panay, ulimwita hivyo. Alikuwa fundi seremala, mfupi, mwenye kucheka kwa pua. Alipokuwa na miaka ishirini na minne soko la zamani liliungua, akaingia motoni kumtoa mdogo wake, akamtoa maiti. Tangu hapo alijitwika kazi ambayo hakutumwa na mtu: kila nyumba itundike ndoo mbili za mchanga jikoni, na kila mwezi yeye apite kuzikagua. Kengele ya kanisa dogo ikigongwa mfululizo, mji ulijua ni moto, na wa kwanza kufika alikuwa yeye.

"Ndoo ya pili iko wapi, Susing?" aliwahi kumuuliza muuza samaki, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Nimewekea kambare, Lolo."

"Haya. Siku nyumba ikiwaka, waambie hao kambare wazime."

Delfa alilelewa naye. Mama yake alikwenda Kuwait kufanya kazi za ndani yeye akiwa na miaka mitano, akaolewa hukohuko. Lolo ndiye aliyemsuka nywele asubuhi, misuko minene iliyolegea ambayo wenzake shuleni waliicheka. Ndiye aliyekaa naye wiki mbili hospitalini alipougua homa ya dengi, akilala sakafuni chini ya kitanda. Alipotaka kujifunza ushonaji, Lolo alimtengenezea meza ya cherehani kwa mbao za mlango wa chumba chake mwenyewe, akaning'iniza pazia mahali pa mlango.

Akiwa na miaka themanini na mmoja, akaanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa majina. Halafu akawa anaondoka alfajiri kukagua ndoo katika nyumba zilizobomolewa zamani, anaingia jikoni mwa watu wasiomtarajia. Watu hawakukasirika. "Ndoo zipo, Lolo, zote mbili!" walimwambia, wakampa kahawa, kisha mtu akamrudisha nyumbani kwa pikipiki yenye kigari.

"Inday, babu yako huyu hapa," walimwita Delfa kwa upole, kama mtu anavyomwita binti wa kwao. Naye alishukuru. Lakini ilikuwa mara nne kwa siku, mara tano, na sare za shule zilikuwa zimerundikana hazijashonwa, na usiku Lolo hakulala, naye hakulala.

Siku moja walimkuta katikati ya barabara kuu, lori la miwa limesimama hatua mbili kutoka alipo. Jioni hiyo Delfa alimwita seremala kijana, naye akaweka mlango wa mbao nzito kwenye chumba cha Lolo, na kufuli kwa nje.

"Unamfungia kama mbuzi?" shangazi yake Purita, binti wa Lolo, alimuuliza kwenye simu kutoka mjini Iloilo.

"Njoo wewe umchunge, Shangazi. Hata siku mbili tu."

Purita hakuja.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Delfa alimlisha Lolo uji wa mchele, akamfungia, akaenda sokoni kununua uzi. Alikuwa ameshika kibunda cha uzi mweupe kengele ilipoanza kugongwa. Watu walikimbilia ghala la mbata, nyuma ya soko. Yeye akakimbilia nyumbani. Alijua tayari kwamba Lolo ameisikia.

Mlango ulikuwa bado umefungwa. Alipoufungua, upande wa ndani ulikuwa na alama za damu pale Lolo alipoupiga kwa ngumi. Vibao vya dirisha vilikuwa vimevunjwa. Alimkuta uani chini ya dirisha, amelala ubavu, mguu umegeuka upande usio wake, akijivuta kwa viwiko kuelekea lango.

"Fungueni," alisema. "Wote wametoka?"

"Hakuna moto, Lolo. Tulia. Hakuna moto."

"Wote wametoka?"

Moto wenyewe ulikuwa wa makumbi tu, ulizimwa kabla ndoo ya pili ya maji haijafika. Lolo alivunjika nyonga. Majirani walipofika wakamuuliza Delfa imekuwaje, naye, akiwa amekishika kichwa cha babu yake mapajani, alisema, "Alisikia kengele, akatoka mbio, akaanguka." Kufuli alikuwa ameshalitumbukiza mfukoni.

Lolo aliishi wiki tatu. Kila siku aliuliza swali lilelile, na kuanzia siku ya pili Delfa alijifunza kujibu, "Wametoka wote, Lolo." Hapo ndipo alipofumba macho kidogo.

Mji ulimzika kama mkubwa. Wenye maduka walifunga. Mwenyekiti wa mtaa alisema machozi yakimtoka kwamba mzee amekufa akikimbilia moto, vilevile alivyoishi, na watu wakapiga makofi kaburini.

Arobaini ilipofika, baada ya sala na wali wa kunata, wageni waliondoka, Delfa akabaki nyuma ya nyumba akiosha sahani na Susing. Susing aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Inday, nilimsikia," alisema.

"Ulimsikia nani?"

"Lolo. Siku ile. Alikuwa anapiga mlango, anaita, 'Fungueni, watu wanaungua.' Nikajua umemfungia. Nikasema nikaangalie kwanza moto uko wapi, nina kibanda changu sokoni, nitarudi nimtoe." Alifuta uso kwa mkono wenye povu. "Niliona kibanda kizima, nikasimama kupiga soga."

Delfa alimtazama. Kwa miezi miwili alikuwa amebeba jambo hili peke yake, na alidhani siku atakayompata mwenzake atapumua. Badala yake ilimpanda hasira ambayo hakujua anayo.

"Ungeweza hata kupiga kelele tu! Ungevunja kufuli kwa jiwe!"

"Na wewe ungeacha kulifunga," Susing alisema, bila ukali.

Delfa alimwambia atoke. Susing akaweka sahani chini, akatoka. Hawakusemezana wiki tano, nyumba zao zikigusana.

Kisha mwenyekiti akaja na kipande cha mbao ya mti wa thamani uitwao narra, laini, kimeshapigwa msasa. Kibao cha kutundika ukutani kanisani. Alitaka maneno. "Tumeandika: 'Alikufa akikimbilia kuwaokoa majirani.' Au unapenda tuongeze?"

Delfa aliangalia kibao kile. Akafikiria watoto watakaokisoma, na mikono ya Lolo ikipiga mlango.

"Usiandike hivyo, Mwenyekiti. Alikuwa amefungiwa. Mimi nilimfungia na kufuli, nikaenda sokoni. Akavunja dirisha."

Mwenyekiti akakigeuza kibao mikononi. Akasema, "Sasa niandike nini?"

"Jina lake. Na miaka."

Ndivyo kilivyoandikwa. Habari ilizunguka mji kabla ya saa ya chakula cha mchana. Kuna waliosema maskini, alichoka. Kuna waliohamishia sare zao kwa fundi mwingine, na mama mmoja alimtemea mate karibu na miguu nje ya kanisa. Purita alipiga simu akalia, akamtukana, akalia tena, na hakusema lolote kuhusu kutokuja kwake.

Jumapili iliyofuata Susing alibisha hodi akiwa na samaki wawili kwenye jani la mgomba.

"Nami nimemwambia Mwenyekiti la kwangu," alisema. "Siingii kama hutaki."

Delfa hakujua kama anataka. Mkono wake ulikaa kwenye mlango kitambo, halafu akasogea pembeni akampisha, akaenda kutafuta kisu cha kuparia magamba.