Fundi Nguo Aliyetaka Kupunguza Santuri

Mwanaume mzima, baba wa watoto, fundi nguo mwenye kibao cha rangi mbili mlangoni, halafu mtaa mzima unamwita Sinia. Msimwonee huruma. Jina alilitafuta mwenyewe.

Siku wakwe zake walipokuja kumtembelea mara ya kwanza, alitaka kuonekana mwenyeji wa maana. Akaingia chumbani kwa mama yake, akaona kitu cheusi, cha duara, kipana, kinang'aa. Akapanga glasi za juisi juu yake. Kwamba sinia gani hilo lisilo na ukingo, lina tundu katikati, hakujiuliza. Glasi zikateleza zote zikaishia mapajani kwa baba mkwe. Shemeji yake mmoja akauliza kwa upole kama kuna sinia jingine. Basi, kwisha habari. Leo hata wateja wenye suti wanauliza, "Samahani, kwa Sinia ni wapi?"

Lile "sinia" lilikuwa santuri ya redio. Si hizi za kawaida, hapana. Zamani vituo vya redio vilirekodi vipindi vyao kwenye santuri kubwa kama meza ya kahawa, na hii moja mama yake alipewa wakati kituo kinasafisha stoo. Alikuwa amesema miaka yote kwamba kwaya yao ya shule iliimba redioni na yeye akaimba ubeti wa pili peke yake. Na miaka yote dada yake, mama mkubwa wa Sinia, alimjibu mbele za watu, "Wewe ulisimama nyuma kabisa. Ubeti gani?" Watu wanacheka, mama anakunja kanga yake, mazungumzo yanahamia kwingine.

Sasa mama mkubwa alikuwa anakuja Jumapili. Mama akamwita mwanawe akamwambia atafute mashine ya kuichezea ile santuri, maana amechoka kuitwa mwongo na mtu waliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

Sinia akaenda dukani na futi shingoni. Zingatieni hapo. Muuzaji akamuuliza santuri yenyewe ina upana gani, naye, mtu anayekula kwa kupima viuno vya watu, akajibu, "Ya kawaida tu, imeshiba kidogo." Akarudi na kisanduku chekundu kama begi la harusi, kina taa zinazobadilika rangi. Mama akaleta santuri. Haikukaa. Ilifunika mashine yote, ikagonga nguzo ya ule mkono unaobeba sindano, ikabaki imeinama kama kofia ya mlevi.

Mtu mwenye akili angerudisha mashine. Sinia aliitazama santuri kwa jicho la kazi, akaipapasa ukingo, akasema kwa utulivu wote, "Hii tunaipunguza pindo tu." Na akaenda kuchukua mkasi. Wallahi. Mkasi wa kitambaa.

Mama yake aliikumbatia santuri kifuani. "Sogea nikupunguze wewe," akamwambia.

Mkewe ndiye aliyeokoa jahazi. Alimvua mumewe ile futi, akapima santuri, akaenda naye kwa fundi redio. Fundi akawaonyesha kinachotakiwa: kutoka kwenye kijiti cha katikati hadi nguzo ya mkono pawe parefu kuliko nusu ya upana wa santuri, na mkono wenyewe uwe mrefu wa kufika pote. Mke akapima mashine moja baada ya nyingine. Sinia kazi yake ilikuwa kununa. Iliyofaa ilikuwa sanduku zito la mbao, mkono mrefu kama wa mdai, taa hakuna. Alilibeba njia nzima akilalamika kwamba linafanana na jeneza la paka. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu hata kwenye kioo hajitazami.

Jumapili mama mkubwa akakaa kwenye kochi, mkoba mapajani. Sinia akajiteua mkuu wa mitambo. Akaweka sindano ukingoni, kama anavyoona watu wakifanya. Ikakwaruza, ikachomoka nje. Akarudia. Ikachomoka tena. Mama mkubwa akasafisha koo.

Na Sinia, badala ya kunyamaza, akatoa hukumu. "Mama, mimi nadhani humu hamkuwa na kitu tangu mwanzo."

Pale sebuleni palipoa. Mama aliinuka, akamsogeza kwa kiganja kama pazia, akashika mkono wa mashine. Akasema siku aliyopewa santuri, fundi wa kule kituo cha redio alikuwa anaiweka sindano huku, karibu na karatasi ya katikati. Inaanza ndani, inatoka nje. Yeye alidhani santuri zote ziko hivyo, ndiyo maana hakusema.

Mikwaruzo, halafu watoto wakaimba. Ubeti wa kwanza wote kwa pamoja. Wa pili, sauti moja ya kike, nyembamba, inatetemeka kidogo juu, lakini moja.

Mama mkubwa alitazama mkoba wake mpaka wimbo ukaisha.

"Ubeti ule ulikuwa wangu," akasema. "Nilishikwa na mafua asubuhi ile. Mwalimu akakupa wewe."

"Najua, dada."

"Uliuimba vizuri."

Mama akairudisha sindano katikati, akaketi kando ya dada yake, safari hii wakaimba nayo, mama mkubwa akishika ubeti wa pili. Sinia akamnong'oneza mkewe kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa mashine ile ni nzuri. Mkewe akamwomba aende akachemshe chai.

Haya, najua kila ukoo una mmoja wa hivi: ananunua kwa macho, anapima kwa mdomo. Wenu alifanya nini? Mwageni hapo chini, na majina ya utani msifiche.