Mwanafunzi Wangu na Mwalimu wa Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini, Padri Paroko aliniketisha mbele ya piano ya kanisa pale Busia kisha akanikataza kuigusa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, najiona najua. "Soma nota kwa macho mpaka uzisikie kichwani," akaniambia. "Kidole kije mwisho." Asubuhi nzima nilisoma ukurasa mmoja. Ndivyo tulivyofundishwa sisi, karatasi kwanza.

Baadaye nilipelekwa shule ya wasichana upande wa Sigalame. Mwalimu Mkuu wa pale alipenda vikombe vya kwaya lakini hakuvumilia kelele za mazoezi. Basi tulichora vibao vyeupe na vyeusi vya piano kwa chaki juu ya meza, na wasichana wakapiga kimyakimya huku wakiimba kimoyomoyo. Usicheke. Vidole vilijifunza.

Nilipoacha kazi ya shule nilianza kufundisha nyumbani kwangu Mundika. Piano yangu ya mbao niliiweka mbali na dirisha, kwa sababu jua na unyevunyevu hulegeza nyuzi zilizo ndani. Mwanafunzi huja peke yake, mkakaa goti kwa goti. Baada ya miezi michache unajua hata pumzi yake inapobadilika. Hapo ndipo hatari ya kazi hii ilipo: unaanza kufikiri ni wako.

Amoit alikuwa wangu. Alitoka Amagoro kila Jumamosi, mtoto wa mama anayeuza nafaka sokoni, na sijapata kufundisha mkono mwepesi kama wake. Jumamosi moja alicheza wimbo wa kanisa niliompa, lakini mkono wa kushoto ukawa unatembea, unaruka, unarudi. Alikuwa anatabasamu. Kwangu hakuwahi kutabasamu akicheza.

Nikamuuliza hayo amefunzwa na nani.

"Ni Mwalimu Okiring wa Malaba," akasema. "Mama alisema nijaribu tu."

Okiring nilimjua kwa sifa. Kijana huyo alipiga kinanda cha umeme kanisani na kufundisha nyumbani kwake, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Hakusoma nota hata moja. Wimbo akiusikia mara moja, anaucheza. Nilimwambia Amoit kwamba mshika mawili moja humponyoka, na sauti yangu haikuwa nzuri. Wiki hiyo nilikosa usingizi kwa ajili ya tabasamu lile.

Sasa nieleze jambo moja. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kupandisha kimo cha sauti. Waimbaji wakianzia juu, mpigaji hubonyeza tu, na vidole vyake hubaki palepale kwenye vibao vyeupe alivyozoea. Wapigaji wengi wa makanisa yetu huishi kwa kitufe hicho. Piano ya mbao haina.

Dada yake Amoit alipokaribia kufunga ndoa, Amoit ndiye aliyechaguliwa kupiga, na Okiring akamwandaa kwa kinanda chake. Siku chache kabla ya harusi, paroko akasema itatumika piano ya kanisa. Jioni hiyo wote wawili walikuja kwangu.

"Mama, tumekwama," Okiring akasema, bado amesimama mlangoni. "Kwaya inaanzia juu, na pale hakuna kitufe. Mimi mwenyewe siwezi bila hicho."

"Kwa nini umlete kwangu?"

"Si ni mtoto wako pia?"

Hilo "pia" lilinichoma. Nikaenda jikoni. Ningesema tu kwamba muda ni mfupi, na Amoit angekwama mbele ya wakwe, na Amagoro yote ingejua ni kazi ya yule wa Malaba. Chai ilipochemka nilirudi sebuleni, nikamwambia Amoit akae.

Nilimfundisha kuhamisha do, sauti ya kwanza ya ngazi. Do si kibao fulani. Ni nyumba, na ukiihamisha, re na mi hufuata kama watoto. Aliimba kwanza, kisha akatafuta kwa vidole, polepole, jioni baada ya jioni. Okiring alikaa kwenye kochi, vidole vikitembea juu ya goti, akashika haraka kuliko Amoit. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Mama, uzi mmoja pale katikati umelegea kidogo." Nilibonyeza. Kweli. Piano yangu mwenyewe, na sikuwa nimesikia.

Harusini Amoit hakukwama. Beti za mwanzo alizicheza kama zilivyoandikwa, kwa usafi, na watu wakasikiliza wameketi. Ubeti wa mwisho akauachia mkono wa kushoto wa Malaba, kwenye do niliyomhamishia mimi. Kanisa zima likasimama. Nilipiga vigelegele nami, lakini nilichelewa.

Sasa nimestaafu, na Amoit anafundisha nyumbani kwake Amagoro. Ninyi mnaoanza kazi hii, fungueni mlango hata pale moyo unapokataa. Mtoto atawahitaji walimu wengi. Mimi humtembelea, nikakaa pembeni na kikombe changu. Akiwaambia watoto wahamishe do kwa mdomo, najisemea: hiyo yangu. Akiwaambia wafumbe macho na kusikiliza: hiyo ya Okiring. Naendelea kuhesabu hadi chai inapoa. Zake ni nyingi kuliko zangu.