Likizo ya Sista Mkuu

Sista Mkuu alikuwa amechoka mpaka kwenye nywele. Bintiye wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na kila jioni alipiga simu kuuliza, "Mama, unakuja lini?" Bosi wa wauguzi naye alikuwa na jibu lilelile: likizo utapata, ila uniachie mtu wa kuiongoza wodi.

Mtu huyo angetoka wapi? Wauguzi walipelekwa semina ya uongozi, wakala, wakapiga picha, wakarudi na vyeti. Kesho yake dripu ya mgonjwa ikaisha, wakaja mbio. "Sista, tubadilishe?" Watu wazima hao, wenye watoto wao nyumbani.

Akamchagua Mpole, muuguzi mwenye mikono hodari na sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alimpa zamu ya asubuhi aiongoze, yeye akasimama nyuma yake, akijiapiza kutoingilia. Wapi. Daktari akiuliza, Mpole alimtazama Sista, na Sista alivumilia kidogo, halafu akajibu mwenyewe. Mpole akimpangia mgonjwa kitanda cha dirishani, Sista alikohoa, na mgonjwa akahamishwa. Wiki nzima ikaenda hivyo.

"Hawa watu hawajifunzi, mwanangu," alimlalamikia bintiye. "Nimefundisha mpaka mate yamenikauka."

Ijumaa wakaletwa wagonjwa wawili mahututi kwa mpigo, na kitanda kitupu kilikuwa kimoja. Wauguzi wote wakageuka kumtazama Sista. Akafungua mdomo.

"Sista," Mpole akamuwahi, "naomba uende ukanywe chai."

"Nani? Mimi?"

"Ukiwa hapa wanakutazama wewe. Hata mimi nakutazama. Nenda, mama yangu, tafadhali."

Akaenda, amefura kwa hasira. Kwenye chumba cha chai alikaa akiukodolea macho mlango, akingoja waje kumwita, na maneno ya kuwapa alikuwa nayo tayari. Alisikia vitanda vikisukumwa. Alisikia Mpole akitoa maagizo, na watu wakiitikia. Chai ikapoa, na hakuna aliyekuja.

Ilimuuma, na uchungu huo hakuutarajia. Akachukua simu.

"Mwanangu, nakuja kesho. Nimefukuzwa wodini."

"Umefukuzwa? Na nani, mama?"

Sista Mkuu akasikiliza tena sauti ile ng'ambo ya ukuta.

"Na kiongozi wa wodi," akasema.