Mtu Aliyesimama Nyuma ya Injini

Bi Stasia Dombek hakuwa mtu wa kujivuna, ila ukimgusia habari za baba yake, utamkoma. "Baba alikuwa dereva wa treni ya makaa," atakwambia, na kabla kahawa haijapoa picha iko mkononi mwako. Mzee Kazimir amesimama nyuma kabisa ya injini, uso mweusi kwa masizi, mkononi kitu kama fimbo. Hapa Tamaqua, mji wetu wa reli na makaa, sote tuliiona picha ile mpaka tukaichoka.

Mwaka huu aliamua kumwekea mzee jiwe jipya kaburini. Kwetu mtu wa reli huchongewa injini yake, na kumchongea isiyo yake ni aibu. Mchonga mawe akataka kujua ni injini gani. Basi nikamsindikiza kwa Emlyn Pask, mstaafu wa reli.

"Stasia! Leo umekuja kuniposa?"

"Nikupose wewe, mguu mmoja kaburini? Vaa miwani, babu."

Emlyn aliinamia picha, akacheka kidogo, halafu akaifuta miwani na kuinamia tena. Nikajua kuna neno.

"Hii tulikuwa tukiiita ngamia," akasema. "Unakiona kibanda hiki katikati, kimepanda mgongoni? Dereva anakaa humo."

"Na huku nyuma?"

"Huko ni kwenye tanuri. Anasimama mtia makaa. Na hiyo aliyoshika si fimbo, ni mpini wa koleo la kuchotea makaa."

"Mwongo mkubwa!" Bi Stasia aliipokonya picha. Nilimwonea huruma, maana jina la dereva ndilo pekee alilorithi. Aliitazama tena, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Yeye na dereva walikuwa wakiongea?"

"Waongee vipi, dada? Katikati kuna chuma na moto. Kutwa nzima uko peke yako, theluji mgongoni, moto usoni. Ukitaka neno lifike mbele, unapiga ukelele. Wengi walizoea kupiga ukelele hivyo hivyo hadi nyumbani."

Bi Stasia akaketi bila kukaribishwa.

Mzee Kazimir alikuwa mtu wa kupayuka. Akiomba chumvi mezani, utadhani anafukuza mbwa. Bi Stasia aliolewa mapema na mwanamume asiyempenda, ili tu aikimbie sauti ile, na hakukanyaga tena kwa baba yake mpaka siku ya maziko. Haya alituambia pale pale, machozi yakimtoka.

"Nilidhani ananichukia," akasema.

Maji yakimwagika hayazoleki.

Jiwe likachongwa ngamia, na nyuma yake mtu na koleo. Siku ya kulisimamisha, padre alipomaliza sala yake ya sauti ya chini, Bi Stasia alisogea, akavuta pumzi, akamwita baba yake kwa ukelele mkubwa, mpaka watu barabarani wakasimama.