Kidole Gumba cha Kushoto

Mtu akikwambia anatafuta mababu zake waliokuwa Washeka, ile jumuiya ya kidini ya zamani ya Marekani, una ruhusa ya kucheka. Mimi nilicheka. Washeka hawakuoa wala hawakuolewa, na kuzaa ndiyo usiseme. Wanaume walikuwa na mlango wao, wanawake mlango wao, na hata ngazi za kupandia vyumbani hawakuchangia. Walisali kwa kucheza na kutetemeka, wakatengeneza viti na mifagio iliyosifika Kentucky nzima, halafu wakaisha mmoja mmoja, kwa sababu ambayo hata mtoto wa chekechea angeijua. Sasa ukoo unatokaje hapo?

"Kwa waliotoroka," alinijibu Mama Mkubwa Orpha, huku akikata malimau ya pai, maganda na yote. "Mtoto anaingizwa mle na mzazi wake, anakua, anatoroka, anaolewa, anazaa. Ndiyo sisi hao. Hebu nipe sukari, acha kukenua meno."

Orpha Tolliver ni dada mkubwa wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Nilikuwa msichana wa miaka minne mama yangu, Nelda, aliponiketisha kwenye baraza ya dada yake pamoja na mfuko wa nguo, akasema anakwenda Cincinnati mara moja. Hiyo mara moja inaendelea mpaka leo. Mama Mkubwa hakuwahi kuolewa. Alikuwa mpishi wa shule, akalisha watoto wa watu maharagwe na mkate wa mahindi mpaka akastaafu, na jioni akarudi nyumbani kunilisha mimi hayo hayo.

Nampenda, lakini ni mtu wa kukutoa roho. Nyumba yake ina sheria nyingi kuliko kambi ya jeshi. Unavaa kiatu cha kulia kwanza. Ukishuka kitandani, mguu wa kulia kwanza. Uwanja haukatizwi kwa mshazari, hata mvua ikunyeshee: unafuata njia mpaka mwisho, kisha unakata kona kama askari. Viti vikishatumika vinatundikwa ukutani, miguu juu, ili vumbi lisikae pa kukalia. Nikiuliza kwa nini, jibu ni moja, ndivyo alivyotaka Bibi Keziah.

Bibi Keziah ni mama wa baba yao Mama Mkubwa na Nelda. Alifariki Mama Mkubwa akiwa na miaka tisa, kwa hiyo anamkumbuka vizuri. Aliingizwa kwa Washeka wa Harmony Fork akiwa mdogo sana, baada ya baba yake kufa vitani, na aliyempeleka ni mama yake mzazi, mwanamke aitwaye Thirza Varney. Alipofika miaka kumi na saba, Keziah akatoroka na kijana wa ukoo wa Tolliver aliyekuwa akileta mahindi kinuni kwao.

Halafu kuna ile ishara, ambayo Keziah ndiye aliyeileta katika familia. Mtu akiondoka nyumbani, yule anayebaki husimama barazani, anafumbata mikono kifuani, kidole gumba cha kushoto kikiwa juu ya cha kulia, na kumtazama mpaka apotee. Anayeondoka hafanyi kitu. Mama Mkubwa akiwa mtoto alimuuliza bibi yake nani alimfundisha. Keziah akasema, "Nilifundishwa mezani." Akamuuliza tena maana yake nini. Keziah akasema, "Mezani hatukuwa tukizungumza." Basi, ikaishia hapo.

Mimi ishara hiyo niliichukia. Siku Nelda alipowasha gari, nilikuwa nimekaa pale barazani na mfuko wangu, na nilimwona Mama Mkubwa akimfanyia. Mtu ananitupa, naye anaagwa kwa heshima! Nikaapa sitaifanya kwa mtu. Hata mwanangu alipokwenda jeshini nilimpungia mkono tu, kama wapungavyo watu wengine.

Nasema ananitupa kwa sababu ndilo neno la ukoo wetu. Lilianza na mama mkwe wa Keziah. Zamani hizo walikuwapo watu walioitwa Washeka wa baridi. Baridi ikianza, mtu anabisha hodi kwa Washeka, anajidai ameokoka, anakula, anaota moto, na theluji ikiyeyuka, huyo, ameondoka. Basi mama mkwe alikuwa akimwambia Keziah mbele za watu, "Mama yako alikula mikate ya baridi, majani yalipochipua akaenda zake akakutupa kama ufagio uliokatika." Keziah alikuwa akinyamaza. Maneno yakarithiwa pamoja na vyombo vya jikoni. Nelda alipoondoka, jirani zetu walisema, ah, ni damu, hao huacha watoto.

Ndilo lililomkaa Mama Mkubwa kooni. Alipostaafu akaanza kumtafuta Thirza Varney. Alitaka kujua alikwenda wapi majani yalipochipua, aliolewa na nani, kama aliwahi kurudi kumuulizia mwanawe. Karatasi za Washeka wa Harmony Fork ziliteketea pamoja na ghala lao hata kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo tukabaki na makaburi. Mimi ndiye dereva. Kila kanisa la Kentucky lenye makaburi ya zamani nimeegesha pikapu yangu mbele yake. Yeye anapita katikati ya mawe na fimbo yake, mimi nasoma majina kwa sauti, kupe wananipanda miguuni.

"Mama Mkubwa," nilimwambia siku moja jua likiniunguza shingo, "tukimpata tutamfanya nini? Tumshtaki?"

"Nataka kujua kama alimtupa mwanawe. Kama hakumtupa, hiyo damu tunayosingiziwa haipo, nawe utaacha kujiita takataka."

"Lini nimejiita takataka?"

"Ukishakunywa bia mbili."

Nikaendelea kusoma mawe.

Mwaka jana macho yake yakaanza kuzima. Daktari akasema hakuna upasuaji wa kuyarudisha, ni kushukuru yaliyobaki. Na makaburi yalikuwa yametuishia. Nikamwambia twende Harmony Fork kwenyewe. Alikataa kama kawaida yake. Bibi Keziah hakutaka hata kupita njia ile, na hata hivyo Thirza aliondoka pale, kuna nini cha kutafuta mahali mtu alipoondoka? Nikamwambia siku hizi kijiji kile kinapokea wageni, na wanapika kuku wa kukaanga wa kutisha. Kuku ndiye aliyeshinda.

Tulipofika kwenye jumba kubwa tukakuta milango miwili. Nikaingia wa wanaume makusudi.

"Toka huko, mshenzi wewe!" Mama Mkubwa akaniita. Nikazunguka nikaingia wa wanawake, kwa mguu wa kulia, maana alikuwa akinitazama.

Aliyetutembeza ni msichana mmoja mchangamfu aitwaye Darlena, amevaa kofia na joho kama Msheka wa zamani, na maneno yake ameyahifadhi kama shairi la shule. Akatuingiza katika chumba cha kulia chakula. Meza ndefu, kuta nyeupe, viti vimetundikwa ukutani miguu juu. Nikamkanyaga Mama Mkubwa kidogo. Naye akanikanyaga.

"Hapa walikula kimya," Darlena akasema. "Kabla ya kula walipiga magoti, goti la kulia kwanza. Kila kitu kulia kwanza, kiatu cha kulia, mguu wa kulia. Hata kiwanja hawakukikatiza kwa mshazari. Kisha walifumbata mikono. Hebu tujaribu, kidole gumba cha kulia juu."

Nilikuwa nikicheka moyoni kwamba kumbe miaka yote nimelelewa na Msheka bila kujua, hata sikuona Mama Mkubwa alivyobadilika uso. Alikuwa amefumbata mikono, na cha kushoto kiko juu.

"Hapana, bibi," Darlena akamwambia kwa upole. "Hivyo lingekuwa kosa. Wakubwa wa nyumba wangekuona, ungepaswa kwenda kuungama."

"Hakuna siku yoyote waliyoruhusu kushoto juu? Hata msibani?"

"Hakuna siku, bibi."

"Watoto walikula wapi?"

"Katika kijiji hiki walikula humu humu. Meza ile ya dirishani. Wanawake upande huu."

"Na mwanamke aliyeingia na mtoto wake?"

"Mtoto alipelekwa nyumba ya watoto, akalelewa na walezi. Humu ndani hakukuwa na mama wala mwana, wote walikuwa ndugu. Kumpendelea uliyemzaa, kumkumbatia, kumwita mwanangu, hayo yote yalikuwa kosa."

Mama Mkubwa akavuta benchi la upande wa wanawake akakaa. Akaninyooshea fimbo. "Lurene, nenda ukakae meza ya watoto."

"Mama Mkubwa, nina miaka hamsini na mitano."

"Nenda!"

Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi fupi, magoti yananigonga kidevu, dirisha liko mgongoni. Kati yetu palikuwa na chumba kizima. Yeye akainamisha kichwa kama mtu anayesali, akafumbata mikono kifuani, cha kushoto juu, kisha akainua macho akanitazama. Niliona wazi kabisa. Mtu aliyekuwa pembeni yake asingeona kitu, angeona mwanamke anasali. Mimi nilikuwa nimekaa penyewe hasa.

"Nilifundishwa mezani," akasema.

Lakini mimi ni mbishi, nimezaliwa hivyo. "Labda alimfundisha mtoto mwenzake. Watoto wana michezo yao."

"Ishara hiyo anaifanya nani, Lurene?"

"Anayebaki."

"Keziah alitoroka hapa. Aliondoka yeye. Nani alibaki akamtazama? Na mtoto wa miaka miwili, mitatu, utamfundishaje ishara asiisahau mpaka uzeeni, kama si kila siku, kila mlo, mwaka baada ya mwaka? Majani yamechipua mara ngapi hapo?"

Lile shairi la kuhifadhi la Darlena lilikuwa limemtoka kichwani.

"Thirza hakwenda popote," Mama Mkubwa akasema. "Alikuwa hapa. Siku zote alikuwa hapa hapa, na kila alipokula alitenda kosa kwa ajili ya mwanawe."

Nikarudi kukaa karibu naye. Nikamuuliza lile lililonijia, "Sasa mbona Keziah hakumtetea? Mkwe wake anamtukania mama mbele za watu, naye kimya?"

"Angesema nini, mwanangu? Kwamba aliyemwacha mwenzake ni yeye?"

Tulikaa pale mpaka wageni wengine wakaingia na makelele yao. Kuku hatukumla.

Nikamuuliza Darlena makaburi ya Washeka yako wapi. Akatuonyesha njia kando ya ukuta wa mawe, na tukaifuata mpaka mwisho, tukakata kona, ingawa kiwanja kilikuwa wazi na tungeweza kukatiza. Kule juu kulikuwa na uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri, na jiwe moja. Moja tu, kwa wote. Limeandikwa WASHEKA, hakuna jina, hakuna mwaka.

"Wenyewe waliyaondoa mawe yao," nikamsomea kibao cha pembeni. "Walitaka wawe sawa hata huku."

Mama Mkubwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa. "Miaka yote hii unanisomea majina, mwanangu, na yeye yuko mahali pasipo na majina! Kupe wote wale wamekunyonya bure!"

"Nawadai damu," nikasema, na mimi nikacheka, sijui kwa nini nilikuwa nikilia pia.

Akaweka fimbo chini. Akasogea mbele ya jiwe, akafumbata mikono kifuani, cha kushoto juu.

"Mama Mkubwa, sisi ndio tunaoondoka. Anayeondoka hafanyi kitu."

"Najua. Keziah alitoroka, hakupata kumjibu. Namjibu mimi."

Upepo ulikuwa ukilaza nyasi. Nikaona pale pale niulize, la sivyo nitazeeka nalo. "Siku ile mama yangu alipoondoka, ulimfanyia. Mimi niko pale nimetupwa, na wewe unamfanyia yeye."

Hakugeuka. "Nilimfanyia ili ajue kwamba kuna mtu amebaki na mtoto. Yeye nilimfanyia mara moja, Lurene. Wewe nilikufanyia kila asubuhi ulipokwenda kupanda basi la shule. Hukuwahi kugeuka ukaangalia?"

Sikuwahi. Nilikuwa natembea naangalia barabara ya Cincinnati, nikitafuta gari la mtu mwingine, na mgongoni kwangu kila asubuhi mtu amesimama barazani. Nilijiona mjinga wa mwisho, na papo hapo nikajisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuwahi kujisikia tangu nikiwa na miaka minne.

Nikasogea nikasimama kando yake. Nikafumbata mikono yangu mbele ya lile jiwe. Vidole havikujua pa kwenda. Mama Mkubwa hakuweza kuona vizuri, akanyoosha mkono akanipapasa, akakuta cha kulia kiko juu.

"Kushoto, we mtoto," akasema, akanigeuzia.