Volyumu ya Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa pa kutundika koti, Mwenye Duka alinipa kitabu kinene akaniambia, "Nusa."

Nikadhani ananichezea. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kupokea madebe ya kahawa kwenye shamba moja la Ruiru, na nilikuwa nimeandikwa kwa sababu nilisoma Kiingereza vizuri na mikono yangu ilikuwa mikavu. Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Karatasi, bwana."

"Aca, hapana! Nusa tena."

Nikaingiza pua katikati ya kurasa. Ndipo nikasikia, chini ya harufu ya karatasi, kitu kama gunia lililosahaulika kwenye mvua. "Ukungu," nikasema. Mwenye Duka akapiga meza kofi. "Sasa umeanza kazi!"

Huyu alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Thika, na Kikuyu alikijua kuliko mimi wa Gitothua. Alinunua na kuuza vitabu vilivyokwisha kutumiwa, lakini si vitabu vyovyote. Hadithi hakuzitaka. Alitaka vitabu vya kuulizia: kamusi, atlasi, vitabu vya sheria, vya magonjwa ya ng'ombe, na wafalme wao, ensaiklopidia. "Hadithi mtu anasoma mara moja anaiacha," aliniambia. "Kamusi mtu anairudia mpaka azeeke." Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Wazungu wengine walikuwa wameanza kuuza mashamba na kurudi kwao, na kila nyumba iliyofungwa ilikuwa na kabati la vitabu. Mimi ndiye niliyetumwa, kwa baiskeli, pasi yangu mfukoni pamoja na barua ya Mwenye Duka, maana siku hizo hungeweza kwenda mbali bila kuulizwa unakwenda wapi.

Enyi vijana, siwezi kuwaeleza raha ile. Unaingia sebule ya mtu, mapazia yameshushwa, masanduku yamejaa kila mahali, na pale ukutani, safu nzima ya migongo ya vitabu! Nilikuwa nasikia moyo ukiruka. Lakini nilifundishwa kutulia. Kitabu hukivuti kwa kichwa cha mgongo, kwa sababu hapo ndipo kitambaa huchanika, unakishika tumboni. Unatazama madoa ya kahawia ambayo karatasi hutoa ikizeeka. Unatafuta vitundu vya wadudu. Kisha unakagua, na kukagua kwetu kulikuwa na maana moja tu: unafungua kila kitabu, ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na kila ramani ya kukunjua unaikunjua, kwa maana watu hunyofoa ramani kama vile kuku anavyonyofolewa manyoya. Mgongo usiuamini. Hilo Mwenye Duka alinirudia kila Jumatatu, mpaka nikawa nalisikia kwa sikio moja.

Sasa nieleze kosa langu, kwa maana kumbukumbu isiyo na aibu ya mwenyewe ni majigambo tu.

Huko Theta, jirani na kwetu Gitothua, kulikuwa na shule iliyoishia darasa la nne. Mtoto akimaliza hapo, na kama hana pa kwenda, anashika debe anaenda kuchuma kahawa. Dada yangu Nyambura alikuwa darasa la nne. Alikuwa na kichwa, yule mtoto, wacha tu! Alisoma hata karatasi iliyofungia sukari. Na mama yetu, aliyekuwa amechuma kahawa tangu akiwa msichana, alisema neno moja tu juu ya jambo hilo: "Vidole vyangu vinatosha kwa nyumba hii." Mwalimu Mkuu wa Theta aliomba kibali cha darasa la tano. Mkaguzi wa Shule akamjibu kwamba shule isiyo na vitabu vya kuulizia haiwezi kupandishwa, na kwamba angekuja kuona mwenyewe Alhamisi ya wiki ya tatu. Wazazi wakachanga. Waliokuwa na mayai walileta mayai. Mwalimu Mkuu akaja dukani na mchango ule akasema, "Ensaiklopidia moja, kamili. Nakuombeni."

Wiki ileile nikaitwa shamba moja la kahawa huko Ruiru kwa bibi mmoja Mzungu aliyekuwa anahama. Nikaingia, nikaiona. Ensaiklopidia! Jalada la kitambaa cha kijani, namba za dhahabu, moja hadi ishirini na nne, hakuna pengo. Nikanusa ya kwanza: safi. Yule bibi alikuwa mlangoni na kofia kichwani, lori linanguruma nje. "Upesi, karani, upesi! Mimi nakwenda sasa." Nikapitisha kidole mgongoni, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na nne. Nikamwona Nyambura yuko darasa la tano. Nikalipa, nikafunga masanduku, nikayapandisha treni Ruiru nikiimba.

Dukani Mwenye Duka alizifungua moja moja, kama kawaida yake. Alipofika ya kumi na nne akarudi nyuma. Akaifungua tena ya kumi na tatu. Akaziweka mbele yangu zote mbili, wazi. Ndani zilikuwa kitu kimoja, neno kwa neno. Huko ng'ambo mfungaji vitabu alikuwa amevalisha volyumu ya kumi na tatu jalada la kumi na nne. Ile ya kumi na nne yenyewe hatukuwa nayo.

"Njoroge," akasema taratibu, "umeninunulia mgongo."

Ngai! Afadhali angenipiga. Nikamwambia tumpe Mwalimu hivyo hivyo, nani atajua? Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Duka hili haliuzi seti mbovu kama nzima. Wale wazazi wameleta mayai yao hapa." Kuagiza ng'ambo kungechukua miezi, na Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku tisa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia, mtu mzima na masharubu yangu.

Mwenye Duka akaniita ndani kwa kelele. Katikati ya volyumu ya kwanza alikuwa amekuta karatasi ya zamani ya kupokelea mizigo. Iliandikwa kwamba masanduku yamefika mawili, ensaiklopidia mbili za namna moja, moja ya shamba la kahawa Ruiru na nyingine ya shamba la mkonge upande wa Thika.

"Sasa fikiri," akasema, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Mfungaji ana marundo mawili mezani. Jalada la kumi na nne akilivisha kumi na tatu, jalada la kumi na tatu amelivisha nani?"

Nikaruka. Haiya! Kama seti zote mbili zilifungwa siku moja, basi huko kwenye mkonge kulikuwa na volyumu iliyoandikwa kumi na tatu mgongoni, na ndani ni kumi na nne yetu!

"Nenda," akasema. "Lakini sikia. Usimwambie mtu hata siku moja kwamba hajasoma vitabu vyake. Ukimwambia hivyo, umerudi mikono mitupu." Akanifungia kisu chembamba, chungu cha gundi, karatasi ngumu na ile volyumu mbovu. "Na kazi utaifanya wewe. Wewe ndiye uliyenunua mgongo."

Bwana wa mkonge alikuwa mzee mrefu, mwekundu, mjane. Nilimkuta barazani. Nilipoanza tu kueleza, akasimama. "Nani nasema kitabu yangu iko mbaya? Mimi nasoma yote! Yote!"

"Ndiyo, bwana. Kosa si lako. Ni la mfungaji wa ng'ambo. Nimekuja kulitengeneza bure."

Akaenda mwenyewe, akarudi na ya kumi na tatu na ya kumi na nne. Kwenye vumbi lake ungeweza kupanda maharagwe. Akaifungua ya kumi na tatu, akatazama. Akaifungua ya kumi na nne, akatazama. Uso wake uliokuwa mwekundu ukazidi. Nami nikatazama mkonge, nikahesabu safu zake, nisionekane nimeona.

"Hii," akasema mwishowe, "mimi nasoma zamani sana."

"Ndiyo, bwana."

Akacheka ghafla, kicheko cha kukohoa. "Haya. Tengeneza. Lakini hapa, mbele ya macho yangu."

Sikiliza kazi yenyewe. Kitabu cha jalada la kitambaa kimeshikwa na jalada lake kwa karatasi ya ndani tu, ile inayounganisha mbao za jalada na mwili, yaani kurasa zilizoshonwa pamoja. Unaipasua kwa kisu pale kwenye bawaba, mbele na nyuma, na mwili unatoka mzima kama mtu anayevua koti. Ukikosea kwa upana wa ukucha, umekata uzi wa kushonea na kitabu kimekufa. Nilikuwa nimejifunza kwa vitabu vichakavu vya nyimbo tu. Sasa nilikuwa na miili miwili ya kuhamisha, na nikiharibu, seti mbili zimekwisha, na dada yangu ameshika debe. Nikashika kisu, nikakiweka tena chini. Yule mzee akaona, akaondoka, akarudi na kikombe cha chai chenye sukari nyingi, akakiweka karibu nami. Nikanywa. Nikakata.

Mwili wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka. Nikawabadilishia makoti, kila mmoja akarudi kwenye namba yake, nikapaka gundi, nikabandika karatasi mpya, nikavibana kati ya mbao mbili na kuweka juu pasi za mkaa za jikoni kwake. Tulingoja alasiri nzima gundi ikauke. Alipopewa yake, akaketi nayo magotini. Nilipofunga volyumu yetu kwenye baiskeli alikuwa bado anasoma, hata kwaheri yangu hakuisikia. Nilirudi Thika nikipiga kengele ya baiskeli njia nzima, hakuna mtu mbele yangu wa kumpigia.

Alhamisi nilikuwa Theta, nimesimama mlangoni na Mwalimu Mkuu. Mkaguzi wa Shule akaingia na kofia kwapani, akasimama mbele ya rafu, akatoa kalamu. Akagonga migongo: moja, mbili, tatu. Kwenye kumi na nne nilishika pumzi. Akapita. Ishirini na nne. "Kamili," akasema, akaandika, akaomba chai.

Hakufungua hata moja! Damu ilinichemka. Nilitaka kumshika mkono nimwambie, bwana, fungua, fungua ya kumi na nne, tumeitolea jasho! Mwalimu Mkuu akanikanyaga mguu mpaka nikauma ulimi. Darasa la tano lilipatikana siku ile. Nilimwinua Nyambura juu kama mtoto mdogo, naye akanipiga akisema nimkome, watu wanaona.

Tena Mwalimu Mkuu, kwa mapenzi yake, akazifungia zile volyumu kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Wazazi ndio waliokataa. Wakasema walichanga, basi wanataka kusikia walichokinunua. Jumamosi moja wakajaa darasani, wengi wao akina mama wachumaji wa Gitothua na Theta. Nyambura akachaguliwa asome na kutafsiri. Mwalimu akauliza waanze na nini. Mama yetu akasema, "Kahawa."

Nyambura akaipata. Akasoma asili yake, milima yake, meli zake. Kisha akafika pa kuvuna. Kitabu kilisema mchumaji hukamata tawi na kuteremsha mkono hadi mwisho, matunda yote yakaanguka kwenye kitambaa.

"Yote?" akauliza mama. "Na mabichi?"

"Yote, Maitu."

"Haiya! Huyo aliyeandika ameona mkahawa wapi?" Akainuka, akanyoosha mkono hewani. "Unashika moja, jekundu. Unalizungusha hivi. Ukivuta na kikonyo chake umeua ua la mwakani, na nyapara anakurudisha nyumbani." Akina mama wote wakaitikia, na darasa zima likawa mikono iliyo juu, vidole vinazungusha kahawa isiyokuwapo.

Mwalimu Mkuu akakohoa. "Lakini mama, hiki kimechapishwa. Pengine kuna nchi wanakovuna hivyo."

"Basi waandike ni nchi gani. Mimi nimechuma, Mwalimu."

Nyambura akanitazama mimi. Katika biashara yetu, mwandiko wa penseli pembeni mwa ukurasa ni kasoro, unashusha thamani ya seti nzima. Nilikuwa nimekataa vitabu vizuri sana kwa sababu hiyo. Nikatoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio langu, nikampa.

Nilifanya kazi ile mpaka Mwenye Duka akafunga, kisha nikaifanya kwa jina langu mpaka macho yakakataa. Sasa nakaa hapa Landless, mtaa wa Thika, na wajukuu wananiambia kila swali liko kwenye simu. Sawa, siwapingi. Huwa nawauliza tu nani ameandika hilo jibu, na kama amewahi kuligusa, nao hukasirika kidogo. Nimeshika vitabu ambavyo matajiri waliviagiza kwa meli wakavitumia kama ukuta. Ile ensaiklopidia ya Theta sijui iko wapi leo. Lakini mnunuzi mwenzangu ukiikuta, chukua ile yenye kahawa, fungua pa kuvuna, wala usiikatae kwa ajili ya penseli. Utaona mwandiko wa mtoto, herufi kubwa, amekandamiza mpaka karatasi imeingia ndani: "Si hivyo. Muulize mama yangu."